Panya wa 1983 na bomba la mgongoni

Kuna wakati ubishi kuhusu dawa ya magugu inayotumika kuliko zote duniani ulining'inia kwenye figo ya kipanya mmoja. Na kipanya mwenyewe hakuwa amelishwa dawa yoyote.

Dawa hiyo ni glaifosati, ambayo kampuni ya Monsanto ya Marekani iliiingiza sokoni mwaka 1974 kwa jina la Roundup. Mwaka 1983 ulikamilika utafiti wa vipanya, wale wadogo weupe wa maabara, 50 wa kiume na 50 wa kike katika kila kundi, waliolishwa dawa hiyo ndani ya chakula kwa miaka miwili. Kundi la kwanza halikupewa dawa. Ndilo la kulinganishia. Kundi la mwisho lilipewa gramu 30 katika kila kilo ya chakula. Walipopasuliwa, madume wa makundi mawili ya kwanza hawakuwa na uvimbe wa figo hata mmoja. Kundi la tatu lilikuwa na mmoja mwenye uvimbe, na kundi la juu watatu. Sifuri, sifuri, moja, tatu.

Uvimbe wa figo ni nadra kwa vipanya wa aina hiyo. Kwa hiyo mwaka 1985 wataalamu wa EPA, shirika la mazingira la Marekani, waliiweka glaifosati kwenye kundi C, kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Kampuni haikukaa kimya. Ilimpa mtaalamu wa patholojia, Marvin Kuschner, vioo vya hadubini avipitie upya, naye akaona uvimbe mdogo kwenye figo ya dume mmoja wa kundi la kulinganishia, uvimbe ambao waliomtangulia hawakuuona. Mpangilio ukawa moja, sifuri, moja, tatu. Sasa piga hesabu ya mwelekeo, ile inayouliza kama uvimbe unaongezeka kadiri dozi inavyopanda. Kwa namba za kwanza, hesabu inakuambia kuna jambo hapo. Kwa namba za pili, inakuambia huenda ni bahati nasibu tu. Figo zikakatwa vipande vipya, uvimbe mwingine haukuonekana, na mwaka 1986 jopo la washauri likaamua kwamba ushahidi hautoshi kusema lolote, likapendekeza utafiti urudiwe. Mwaka 1991 EPA ikaihamishia glaifosati kundi E, la vitu visivyo na ushahidi wa kusababisha saratani kwa binadamu.

Nimeeleza hili kwa urefu kwa sababu kila kilichofuata kimepita njia hiyohiyo. Machi 2015 wataalamu 17 walioitwa na IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, walikutana Lyon, Ufaransa, wakarudi kwa vipanya walewale pamoja na wengine wa tafiti za baadaye. Wakasema ushahidi wa wanyama unatosha, wa binadamu ni finyu, na glaifosati ikaingia kundi 2A: ina uwezekano mkubwa wa kusababisha saratani. Novemba mwaka huohuo EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, ikasema haielekei kuwa na hatari hiyo. Mei 2016 jopo jingine, hili la FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na Shirika lilelile la Afya Duniani, likasema haielekei kumletea mtu saratani kupitia chakula.

Mkulima wa Mbeya au Kitale akisikia haya huhitimisha haraka: kuna mtu kanunuliwa. Fedha zimo kweli, na nitazifikia. Lakini sehemu kubwa ya tofauti hii haihitaji rushwa kuielewa. Wote walikuwa na baadhi ya panya walewale mezani. IARC ilitazama mwelekeo wa uvimbe kadiri dozi inavyopanda. Wengine walilinganisha kila kundi peke yake na kundi la kulinganishia, wakaona tofauti haitoshi. IARC ilishikilia kundi la kulinganishia la utafiti husika. Wengine wakaenda kutafuta vipanya wa tafiti nyingine za miaka iliyopita waone kama uvimbe wa namna ile hujitokeza wenyewe. Ukiwa na tafiti zaidi ya kumi, jinsia mbili, na viungo kadhaa wa kadhaa vya kuchunguza, baadhi ya matokeo yatatoka "mabaya" kwa bahati tu. Hiyo ni hoja halali. Christopher Portier, mtakwimu aliyewashauri IARC, alipitia tafiti 13 za muda mrefu na mwaka 2020 akachapisha kwamba matokeo yenye uzito ni mengi mno kuitwa bahati. Mwaka huohuo watakwimu wengine, akiwemo Kenny Crump, wakapiga hesabu zao wakasema bahati inatosha kabisa. Msomaji anayengoja namba imalize ubishi atangoja sana.

Halafu kuna suala la dozi. Wale madume wa kundi la juu walikuwa wakila kama miligramu 4,841 za glaifosati kwa kila kilo ya uzito wao kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni karibu gramu 290, zaidi ya robo kilo ya dawa tupu, kila siku ya Mungu. EFSA inasema uvimbe unaotokea kwa dozi hizo za kupita kiasi hautufundishi kitu. Inaingia akilini, mpaka ujiulize kwa nini panya hulishwa hivyo.

Hulishwa hivyo kwa sababu ni wachache. Miongozo ya OECD, jumuiya ya nchi zilizoendelea kiuchumi, inayofuatwa na maabara nyingi duniani inataka angalau wanyama 50 wa kila jinsia katika kila kundi, kwa miezi 24 kwa panya wakubwa na 18 kwa vipanya. Tuseme dawa inasababisha saratani kwa mtu mmoja kati ya 1,000. Kwa nchi yenye watu milioni 60 hao ni watu 60,000. Kwa panya 50 huo ni ukimya mtupu, huoni chochote. Hata usipopata uvimbe mmoja kati ya hao 50, kitakwimu bado hatari ya hadi asilimia 6 inaweza kuwa imejificha humo. Ndiyo maana dozi hupandishwa, ili kama kuna ubaya ujionyeshe kwa wanyama wachache waliopo. Unapandisha dozi makusudi ili uone, kisha ukiona unasema dozi ilikuwa kubwa mno. Mchezo wa namna hiyo hauna mshindi.

Na panya ana mambo yake. Limonini, kemikali inayoyapa maganda ya chungwa harufu yake, huwapa panya dume uvimbe wa figo. Wanasayansi walipochimba waligundua chanzo ni protini inayotengenezwa kwa wingi kwenye ini la panya dume, ambayo binadamu hana, kwa hiyo hatuogopi machungwa. Upande wa pili yupo parakwati, dawa nyingine ya magugu. Kwa panya, kipimo kinachoua nusu yao ni takriban miligramu 150 kwa kilo ya uzito, na kwa kigezo hicho Shirika la Afya Duniani limeipanga daraja la pili, la hatari ya wastani, ambalo kwa mpango wa rangi za lebo unaotambuliwa na FAO huvaa mstari wa njano. Wastani! Funda moja la parakwati isiyochanganywa linaweza kumuua mtu mzima, na kwa siku au wiki kadhaa, kwa sababu chembe za mapafu huifyonza wenyewe na kuirundika humo mpaka mapafu yanakakamaa. Dawa ya kuiponya haipo. Mkulima anayeusoma ule mstari kwenye chupa anasoma jibu la panya.

Kwetu huku panya hawa wameshaingia hata baraza la mawaziri. Septemba 2012 Gilles-Éric Séralini wa Ufaransa alichapisha utafiti wa miaka miwili wa panya 200 waliolishwa mahindi ya NK603, yaliyobadilishwa vinasaba yastahimili Roundup, au walionyweshwa Roundup yenyewe kwenye maji. Picha za panya wenye mauvimbe makubwa kama mipira ya tenisi ya mezani zilizunguka dunia. Novemba mwaka huo serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuingiza vyakula vya aina hiyo, na Waziri wa Afya ya Umma wa wakati huo, Beth Mugo, aliutaja utafiti huo. Mwaka mmoja baadaye jarida lililouchapisha likauondoa. Mhariri hakuona udanganyifu. Alisema matokeo hayatoshi kuhitimisha chochote. Kila kundi lilikuwa na panya 10 tu, na aina iliyotumika, Sprague-Dawley, hupata uvimbe wa matiti kwa wingi wakizeeka hata wakilishwa chakula safi kabisa. Ukiwa na majike 10 wa kulinganishia na 10 wa kundi la dawa, na wengi wa pande zote mbili wangeota uvimbe hata hivyo, huwezi kutenganisha sauti na kelele. Utafiti ulichapishwa tena kwenye jarida jingine mwaka 2014. Marufuku ya Kenya ilibaki hadi Oktoba 2022, baraza la mawaziri jingine lilipoiondoa. Miaka kumi ya sera ya chakula, na moja ya nguzo zake ilikuwa panya kumi kumi.

Nisieleweke kwamba nawacheka akina Séralini peke yao. Upande wa viwanda una aibu kubwa zaidi, tena yenye hukumu ya mahakama. Miaka ya 1970 maabara ya IBT huko Northbrook, Illinois, ilikuwa mojawapo ya kubwa zaidi Marekani, ikiwapimia watengenezaji dawa na kemikali za kila aina, glaifosati ikiwemo. Mwaka 1976 mkaguzi wa serikali, Adrian Gross, alipoanza kufungua mafaili alikuta panya waliokufa mapema wamebadilishwa na wengine, na takwimu ambazo hakuna aliyezipima. Kulikuwa na chumba ambacho wafanyakazi walikiita Kinamasi: mfumo wa kunywesha wanyama ulikuwa ukimwaga maji ovyo, panya wakafa kwa maji na baridi. Kwenye kumbukumbu kulikuwa na herufi tatu zilizomaanisha kwamba mzoga umeoza mno kuweza kuchunguzwa. Mwaka 1983 maofisa watatu walitiwa hatiani Chicago, na tafiti nyingi zikalazimika kufanywa upya. Humo ndimo zilimozaliwa kanuni za utendaji bora wa maabara zinazotumika hadi leo: kila panya na namba yake, kila mzoga na karatasi yake, mkaguzi anaweza kubisha hodi siku yoyote.

Kanuni hizo ni nzuri, na zina madhara yake ya pembeni. Wasimamizi hupenda kuupa uzito utafiti uliozifuata na kuuweka kando wa chuo kikuu ambao hauna bajeti ya makaratasi hayo. Anayeweza kulipia makaratasi ni mwenye dawa. Kisha mwenye dawa hugharamia na mapitio ya tafiti hizo. Makala ya mapitio ya mwaka 2000 iliyoandikwa kwa majina ya Williams, Kroes na Munro, iliyotajwa na wasimamizi kwa miaka mingi kama ushahidi kwamba glaifosati ni salama, iliondolewa na jarida lake mwishoni mwa 2025. Barua pepe za Monsanto zilizotolewa mahakamani Marekani mwaka 2017 zilikuwa zimezua swali la nani hasa alishika kalamu, na kwa saratani waandishi walikuwa wameegemea tafiti za kampuni ambazo hazikuchapishwa. Kuondolewa kwake hakuifanyi dawa kuwa sumu. Kunafanya robo karne ya marejeo irejewe.

Sasa nije kwenye hoja yangu, ambayo kwenye ubishi wote huu naisikia kwa nadra. Panya wa 1983 walikuwa wanajibu swali la mlaji. Walipewa glaifosati safi, kwenye chakula, kupitia mdomoni. Kutoka kwa wanyama wa namna hiyo hutafutwa dozi ya juu kabisa isiyoonyesha madhara, kisha inagawanywa kwa 100: mara 10 kwa kuwa mtu si panya, mara 10 tena kwa kuwa watu hawafanani. Mia hiyo haikutoka kwenye sheria yoyote ya maumbile. Lehman na Fitzhugh wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani waliipendekeza mwaka 1954, na imedumu. Kwa glaifosati, Ulaya ilichukua miligramu 50 kutoka kwa sungura wenye mimba, ikapata kikomo cha nusu miligramu kwa kilo ya uzito kwa siku. Wamarekani nao waliwatazama sungura wenye mimba, wakachukua 100, wakapata miligramu moja. Kwa hiyo mtu wa kilo 60 anaruhusiwa miligramu 30 akiwa Paris na 60 akishuka Chicago. Sina ugomvi na hilo. Mabaki yanayopatikana kwenye mkate yako mbali sana chini ya vikomo vyote viwili.

Anayepulizia shambani hali mkate. Amebeba bomba la lita 16 mgongoni, kizibo kimelegea na maji yanachuruzika hadi kiunoni. Anapima dawa kwa kifuniko cha chupa, mikono mitupu. Nozeli ikiziba anaizibua kwa kupuliza na mdomo. Anapulizia mbele yake huku akitembea kuingia kwenye majani yaliyolowa, suruali imekunjwa, miguuni kandambili. Glavu zipo dukani, bei yake ni ya siku nzima ya kibarua.

Wapo watakaosema Ulaya imemfikiria huyu pia, na ni kweli: EFSA iliweka kikomo cha mpuliziaji, miligramu 0.1 kwa kilo kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 ni miligramu 6 zinazoingia mwilini. Chukua dawa ya kawaida yenye gramu 360 za glaifosati kwa lita. Kijiko kimoja cha chai kikimwagikia mkono ni miligramu 1,800. Tukichukulia kwamba asilimia 1 tu ndiyo inayopenya ngozi kabla hajanawa, zimeingia miligramu 18, mara tatu ya kikomo, kabla bomba halijapanda mgongoni. Kuvuka kikomo mara tatu hakumaanishi ataugua. Kikomo kimewekewa nafasi kubwa ya tahadhari. Ila hesabu za Ulaya mara nyingi humvisha mpuliziaji glavu na mavazi rasmi, na humkalisha kwenye trekta. Hata utafiti mkubwa wa wapuliziaji wenyewe, ule wa Iowa na North Carolina wenye watu 54,251 uliochapishwa 2018 na ambao haukuona uhusiano wa glaifosati na saratani ya tezi za limfu, ulikuwa wa wakulima wenye mitambo. Unanifariji kidogo. Unamfariji zaidi mkulima wa Iowa.

Tena kwenye chupa hamna glaifosati peke yake. Kuna kemikali ya kusaidia dawa ishike na kupenya jani, na kinachopenya nta ya jani hakioni ngozi ya mtu kuwa ukuta. Aina moja iliyotumika kwa miongo mingi, POEA, ilionekana kuwa kali kuliko glaifosati yenyewe, na mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku ndani ya dawa za glaifosati; Ufaransa ikafuta bidhaa 126 kwa mkupuo. Tafiti za miaka miwili zinazosimamia usajili hazikuwapa panya mchanganyiko huo. Bidhaa iliyochanganywa hupimwa kwa muda mfupi: inaua kwa kiasi gani, inachoma jicho, inawasha ngozi. Tena maneno kwamba "haimdhuru mtu kwa sababu inashambulia kimeng'enya ambacho mimea inacho na sisi hatuna" ni kweli kwa glaifosati. Kuhusu POEA hayasemi kitu.

Ndiyo maana utafiti wa Taasisi ya Ramazzini ya Bologna, Italia, uliotoka Juni 2025, naupa uzito zaidi kuliko walivyoupa wengi, ingawa siumezi mzima. Panya walianza kupewa wakiwa bado tumboni mwa mama zao, wakaendelea kwa wiki 104, kwa dozi za miligramu 0.5, 5 na 50 kwa kilo ya uzito kwa siku, yaani kuanzia kikomo cha Ulaya cha mlaji hadi ile dozi ambayo Ulaya inasema haikuonyesha madhara kwa wanyama. Na wengine walipewa bidhaa kamili, moja ya soko la Ulaya na moja ya Marekani. Walipata uvimbe wa aina kadhaa, pamoja na saratani ya damu kwa panya ambao hawakutimiza hata mwaka. Lakini ni Sprague-Dawley tena, na taasisi hiyo iliwahi kutofautiana na wapatholojia wa serikali ya Marekani walioona kwamba baadhi ya saratani za damu ilizoripoti kwenye tafiti za nyuma zilikuwa maambukizi ya mapafu. Wengine wavisome vioo hivyo bila kujua panya yupi alipewa nini, kama ilivyostahili kufanyika kwa figo za 1983.

Wakati hayo yakiendelea, mamlaka zetu za viuatilifu, iwe TPHPA ya Tanzania au PCPB ya Kenya, hazina haja ya kujenga maabara ya panya wala kungoja IARC ya Lyon na EFSA wapatane. Zinapokea mafaili ya usajili, na anayeomba usajili ndiye anayelipia vipimo. Mwongozo wa OECD namba 411, wa kupaka dawa kwenye ngozi ya mnyama kwa siku 90, upo tangu 1981. Kwa mchanganyiko utakaouzwa kwenye chupa ya hapa, kwa ngozi, na kwa kipimo cha mtu asiye na glavu: hilo linaweza kuandikwa kwenye fomu ya maombi kwa mistari miwili, na kampuni isiyotaka kuwalipia panya hao ieleze kwa maandishi kwa nini wapuliziaji wawe wa kwanza kujaribiwa.